Kashata za Mkono wa Kushoto

Siku tuliyomzika Bi Mwajuma, Twaha alinikuta nimechutama nyuma ya gari la mmoja wa waombolezaji, kidole changu kikiwa ndani ya mfereji wa tairi. Tulikuwa tumerudi kutoka makaburini, watu wamekaa mikekani chini ya turubai pale Tabata wakisubiri chakula, nami nilikuwa nimetoka kidogo kunyoosha magoti. Sikujua kwamba nimechutama. Twaha, ambaye sasa ndevu zake ni nyeupe zote, alisimama juu yangu na kanzu yake ya msiba akasema, "Shoto. Bado tu?" Hakuna aliyekuwa ameniita Shoto kwa zaidi ya miaka ishirini. Nilishtuka kama mtu aliyekamatwa mkono wake ukiwa mfukoni mwa mwenzake. Nikasimama, nikajifuta vumbi kidoleni, nikamjibu kwamba ndiyo, bado. Akacheka kile kicheko cha mtu aliyelia asubuhi nzima. "Mama angekuona angesema, afadhali leo umetumia mkono wa kulia." Nikautazama mkono wangu. Kweli ulikuwa wa kulia, na hapo ndipo machozi, ambayo makaburini yalikataa kabisa, yalipokuja bila kuomba ruhusa.

Nimeishi sehemu nyingi na nimefanya kazi nyingi, nyingine kwa wiki moja tu. Nimechimba visima, nimeuza magazeti, nimekuwa turniboi wa lori la chumvi, nimepika katika kambi ya wachimba madini. Shule niliiacha darasa la sita kwa sababu mwalimu alichukia maswali yangu, na tangu hapo nimekuwa mtu wa kuuliza kila kitu kinaendaje, kinatoka wapi, ndani kuna nini. Lakini mtu akitaka kujua nilipata wapi hii akili kidogo niliyo nayo, nitamtajia mwaka mmoja tu, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nyumbani kwa Bi Mwajuma kule Temeke. Ni mwaka nilioambiwa nichague matairi mawili ya pikipiki.

Chumba nilichopewa kilikuwa uani, zamani kiliwekwa mkaa, na ukuta wake ulikuwa na weusi usiotoka hata ukiusugua kwa mchanga. Nje ya mlango wangu ndipo lilipokuwa jiko la Bi Mwajuma. Alikuwa mtu wa Mzizima hasa, mjane, mwembamba, mwenye sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuipinga, na kazi yake ilikuwa kutengeneza kashata. Niliamka kila asubuhi kwa harufu ya nazi na iliki ikipita chini ya mlango. Alikuwa akichemsha sukari mpaka ivutike, anamimina nazi, anakoroga, anamwaga kwenye sinia lililopakwa mafuta, halafu anangoja. Kungoja kule kulikuwa ndiyo kazi yenyewe. Ukikata mapema zinanata, ukichelewa zinavunjika. Ikifika saa yake alichovya kisu kwenye maji ya moto akakivuta toka ukingo hadi ukingo bila kukiinua, mstari mmoja, mwingine, kisha akageuza sinia na kukata kwa upande, na vipande vikatoka sawasawa kama vimepimwa na rula. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kinu kilichopinduliwa na kikombe cha chai ya tangawizi, na kila nilipopeleka mkono kwenye sinia alinipiga kofi la vidole. "Huo mkono wa chooni, we Shoto! Mara ngapi? Kula na wa kulia, mwanangu." Nami nilijibu, "Bi Mwajuma, mie wa kulia haujui njia ya mdomoni." Tulisema maneno yale yale kila siku, mpaka yakawa kama salamu ya nyumba ile.

Kijana wa leo haelewi mshangao tulioishi nao miaka ile. Tulikuwa tumetoka katika siku za kupanga foleni ya sabuni, siku ambazo mtu akipita na tairi jipya la baiskeli begani watu walimfuata kumuuliza amelipata wapi. Halafu ghafla, kana kwamba mtu amepindua kontena juu ya mji, kila kitu kikawa chini barabarani: redio, viatu vya mitumba, dawa za meno za rangi tatu, saa zinazopiga muziki. Nakumbuka nilisimama Kariakoo mbele ya mtu aliyepanga miche ya sabuni kama matofali, nikashindwa kuondoka. Nilikuwa naogopa nikipepesa macho vitatoweka. Kila kitu kiliitwa cha Dubai. Tulikuwa tumenyimwa vitu vipya kwa muda mrefu kiasi kwamba hatukujua tena kitu kipya kinafananaje, na hilo, nikilitazama sasa, ndilo shina la mambo yote yaliyofuata.

Kazi yangu ilikuwa kwa Mzee Mponda, mwenye yadi ya matairi chakavu upande wa Tandika. Alikuwa mpole, mwenye kitambaa cha jasho shingoni, akitutendea wema mwingi kuliko mabosi wengi niliopata kuwa nao. Yalikuja kwake matairi yaliyokwisha, yale tunayoyaita kipara, nami kazi yangu ilikuwa kuyakata kashata. Ndivyo tunavyoviita vile vipande vya mpira vinavyosimama kwenye tairi, kwa sababu vinafanana na kashata zilizokatwa kwenye sinia. Nilikuwa na kipande cha msumeno wa chuma kilichokunjwa kama kucha, kimefungwa kwenye mpini wa mti. Nilikipasha kwenye jiko la mkaa mpaka kiwe chekundu, nikafuata mistari ya chaki aliyochora mzee, na mpira ukatoka kama utepe, moshi wake ukinikaa kooni mpaka jioni. Tairi lililoingia laini kama paja likatoka na mifereji mirefu. Siku ya kwanza nilimuuliza yanakwenda wapi. "Ya mikokoteni, mwanangu," alisema. "Na maguta ya mizigo. Unadhani nani mwingine atayataka?" Nikaridhika. Mikokoteni ya kubeba magunia ilikuwa mingi, Tandale peke yake ungehesabu ukachoka. Nilimuuliza maswali mengine mengi mwaka ule: mpira unatoka mti gani, kwa nini kila tairi ni jeusi, zile nambari ubavuni maana yake nini. Alinijibu alichojua. Nikawa fundi, na, niseme ukweli, nikawa na maringo. Yalipoletwa siku moja matairi mawili ya pikipiki kubwa, mapana kuliko yote niliyowahi kushika, niliyakata kwa mtindo wangu mwenyewe, kashata za kukaa mshazari, kwa furaha ya mtu anayechonga mlango wa Zanzibar. Mzee Mponda aliyashika akayageuza. "Una mkono, Shoto," alisema. "Una mkono."

Twaha ndiye mtoto pekee wa Bi Mwajuma, na wakati ule alikuwa anakaribia arobaini. Alikuwa fundi katika karakana ya shirika moja la umma mpaka shirika lilipopunguza watu. Alirudi nyumbani na bahasha ya kiinua mgongo, akakaa ukumbini siku nne bila kunyoa, na siku ya tano akatoka akarudi amepanda pikipiki ya injinia mmoja wa barabara aliyemaliza mkataba na kurudi kwao. Haikuwa pikipiki kama zile tulizozoea. Ilikuwa ndefu kwenda juu, ina tangi la mafuta lililonyanyuka kama nundu, na masanduku mawili ya bati pembeni. Mtaa mzima ulitoka nje. Mtu mmoja akasema, "Kaka, hii pikipiki au ngamia?" na jina likabaki. Bi Mwajuma alikuja mlangoni na upawa mkononi, akamtazama Ngamia toka juu hadi chini. Alirudi jikoni, na siku ile kashata ziliungua, jambo ambalo sikuwa nimeliona kabla.

Twaha alikuwa ameahidiwa kazi. Mfanyabiashara mmoja wa vitenge alitaka mtu mwenye pikipiki yake mwenyewe atakayezunguka Iringa, Njombe hadi Songea, akionyesha sampuli madukani na kuchukua oda. Ilikuwa kazi ya kwanza maishani mwake isiyo ya serikali. Alihitaji vitu viwili, matairi, kwa kuwa yale aliyoyaacha injinia yalikuwa yamepasuka ubavuni kwa kukaa juani, na mtu wa kukaa nyuma ashike begi. Mimi sikuwa nimewahi kuvuka Kibaha. Nilimwandama Twaha wiki nzima. Nilimuosha Ngamia hata alipokuwa msafi. Mwishowe akaniambia, "Sikiliza, Shoto. Nitafutie matairi ya kutufikisha Songea na kuturudisha. Ukiyapata, kiti cha nyuma chako." Na siku moja nikiwa bafuni pale uani, nimejipaka sabuni, niliwasikia yeye na mama yake wakizungumza upande wa pili wa makuti. "Na huyo Shoto unamchukulia nini?" Bi Mwajuma aliuliza. "Mvivu wa kula vizuri tu." Twaha akacheka. "Ana macho, mama. Huyu kijana haachi kitu mpaka akijue." Sauti ya mama ikasema, "Kuna mlima huko, sijui Kitonga. Watu wanarudishwa kutoka huko kwenye mashuka. Hayo macho yake ndiyo nakukabidhi kwayo, basi." Nilisimama pale na povu likinikauka mwilini. Hakuna mtu aliyekuwa amewahi kukabidhiwa kwangu.

Kwa hiyo nilisoma. Chini ya kiti cha Ngamia kulikuwa na kitabu kidogo cha Kiingereza, na Twaha, aliyezoea vitabu vya karakana, alinitafsiria mstari kwa mstari ukumbini, tukila mihogo ya nazi, Bi Mwajuma akikuna nazi nyingine huku akijifanya hasikii. Kila ukurasa ulinishangaza. Sote pale mtaani tuliamini kashata zikiwa kubwa ndipo tairi linaposhika. Kijiweni kwenye kahawa mjadala ulikuwa umekwisha kabla haujaanza. "Kashata kubwa, braza, ndo mpango," walisema. "Hayo mengine ya kwendea sokoni." Kitabu kilisema kinyume. Kilisema kama safari ni ya lami, na njia ya Songea wakati ule ilikuwa lami tupu, basi chagua tairi la lami, lenye kashata pana zilizokaribiana na mifereji myembamba, kwa maana kinachoshika lami ni mpira unaoigusa. Kashata ndefu zilizoachana ni za tope na mchanga. Juu ya lami iliyolowa zinayumba na kuteleza. Kulikuwa na picha ya tairi zuri la lami, nami kwa macho ya Temeke nililiona karibu kipara. Tena kilisema kwamba chini ya mfereji wa tairi kuna kifundo kidogo cha mpira, kimewekwa kiwandani, na kashata zikiliwa hadi kulingana nacho, tairi limekwisha. Kesho yake nilikimbilia yadi na kuvitafuta vile vifundo kama mtu aliyeambiwa kuna dhahabu. Vilikuwepo, kwenye matairi yote yaliyokuja, vimelingana na mpira. Kwenye yale niliyoyakata havikuwepo, kisu changu kilikuwa kimevipitia. Nililiona hilo kwa macho yangu mawili na sikuona chochote.

Duka la matairi lilikuwa kona moja ya Kariakoo. Lilikuwa na jozi mbili tu za kumtosha Ngamia. Jozi ya kwanza ilikuwa ya mitumba, ya kijivu, mifereji myembamba, na vifundo vyake vilikuwa vinaonekana, bado viko chini ya uso wa kashata kiasi cha unene wa njiti ya kiberiti. Ilifanana na ile picha ya kitabuni. Jozi ya pili ilikuwa imezungushiwa karatasi ya kaki kama zawadi. Muuzaji, kijana mwenye miwani ya jua ndani ya duka lenye giza, aliichana karatasi kwa ukucha, na weusi wake ukang'aa. "Haya yameshuka juzi, mzee. Dubai. Hayajagusa ardhi." Kashata zilikuwa za katikati, si ndefu mno, zimekaa mshazari kwa namna iliyonifanya nikose pumzi. Nilipitisha kidole. Nilihisi jambo ambalo sikujua jina lake, kama unaposikia mtu akiimba chumba cha pili wimbo unaoupenda. Nikatafuta vifundo. Hakukuwa na hata kimoja. Twaha akanigeukia. "Unaonaje, mwenye macho?" Nami, ambaye nilijua kitabu kizima kwa kichwa, nilimwambia kwa sauti ya mtaalamu, watu wote dukani wasikie, "Haya mengine yameshaanza kuonyesha kifundo, kaka. Haya hayana hata kifundo. Ni mapya mno."

Tairi la nyuma tulilifunga asubuhi iliyofuata pale uani. Ilikuwa inanyesha mvua nyembamba ya vuli. Twaha akasema kabla hatujabadilisha la mbele atakwenda nalo mpaka Mbagala na kurudi, alisikie. Aliondoka akipiga honi, na mtaa ukampungia mkono. Mimi nikabaki na tairi la mbele limeegemea ukuta kando ya jiko, nikanawa mikono, nikakaa kwenye kinu. Bi Mwajuma alikuwa ameshamwaga sinia na anangoja lipoe. "Mnasema hizi nazo kashata," alisema, akilitazama lile tairi kwa mara ya kwanza. Nikamwambia ndiyo, Bi Mwajuma, kashata za Dubai. Akacheka kidogo, akafuta mikono kwenye khanga na kuinama. Alipitisha kidole cha shahada kwenye mfereji, taratibu, hadi mwisho wake. Akarudia mwingine. Kicheko kilikuwa kimemtoka usoni.

"Hii mashine iliyokata," aliuliza, "inachoka?"

"Mashine haichoki, Bi Mwajuma."

"Hii imechoka. Tazama hapa. Kisu kimeinuliwa kabla ya kufika mwisho. Kimeacha mkia." Akasogea. "Na hapa tena. Kila mstari una mkia, na mkia wote umeelekea upande mmoja." Alichukua kisu chake, akakiweka hewani juu ya tairi kwa mkono wa kulia, akajaribu kuufuata mstari, mkono ukakataa kupinda. Kisha akakihamishia kisu mkono wa kushoto. Ulilala kwenye mshazari ule kana kwamba ulizaliwa pale. Bi Mwajuma akabaki vile vile ameinama, mkono wa kushoto juu ya tairi. Halafu akageuza kichwa na kuutazama mkono wangu wa kushoto, ambao, sijui tangu lini, ulikuwa umeshika kipande cha kashata ya moto niliyoimega ukingoni mwa sinia.

Nilisikia mvua kwenye bati. Nilisikia sukari ikipasuka ilipokuwa inapoa. Niliteremka kwenye kinu, nikapiga magoti mbele ya tairi, na papo hapo nikalitambua, kama unavyotambua mwandiko wako kwenye barua uliyodhani ni ya mtu mwingine. Yalikuwa yale mawili mapana, ya mshazari, niliyojivunia. Weusi ule haukuwa upya, ulikuwa rangi ya viatu, na ulinibaki kidoleni. Nilikuwa nimeyapenda dukani kwa sababu yalikuwa yangu. Na la nyuma, lililoliwa na barabara likaisha, kisha likachimbwa na mkono wangu ndani kabisa mahali ambapo haupaswi kuchimbwa, lilikuwa chini ya mwanawe, kwenye mvua, njia ya Mbagala.

"Bi Mwajuma," nilisema. "Mie nilikata ya mikokoteni."

Alikaa chini palepale kwenye sakafu yenye maji, yeye ambaye sikuwahi kumwona akikaa bila mkeka. Akaniuliza swali moja, kwa ile sauti yake ndogo, wala hakulikusudia kuwa kali. Aliuliza kama mtu anayetaka tu kuelewa.

"Mkokoteni unahitaji kashata za nini?"

Mkokoteni unasukumwa na mtu. Unakwenda kwa mwendo wa mguu. Haukimbii, hautelezi konani, haujali mvua. Tairi kipara linaufaa kuliko lenye kashata, tena ni jepesi kusukuma. Mtoto wa darasa la pili angeliona hilo. Mimi niliyeuliza mpira unatoka mti gani, niliyeuliza kwa nini matairi ni meusi, nilikaa mwaka mzima na kisu cha moto mkononi nisiulize lile swali moja lililokuwa limesimama mbele yangu.

Nilikimbia hadi barabarani, kisha nikarudi, kwa kuwa hakuna pa kukimbilia. Nilisimama mlangoni. Kila injini iliyopita nilichungulia kuitazama. Bi Mwajuma hakutoka uani. Kashata zilipoa kwenye sinia bila kukatwa, zikawa jiwe moja. Sijui ulikuwa muda gani. Twaha alirudi amelowa, anacheka, akazima injini, akampigapiga Ngamia kwenye nundu. "Linashika, mama! Kama kupe!" Mama yake alikuwa amesimama sasa, ameegemea nguzo. Alinitazama mimi, si yeye. "Mwambie mwenyewe," alisema.

Nilimwambia. Ningeweza kuomboleza hapa, lakini ukweli ni kwamba nililisema kwa maneno machache kama mtu anayetaja jina lake kituo cha polisi. Twaha alimsimamisha Ngamia kwenye stendi, akapiga goti, akazungusha gurudumu la nyuma polepole chini ya mwanga. Likafika mahali akalizuia. Ndani ya mfereji mmoja, pale kisu changu kilipozama zaidi, mpira ulikuwa umefunguka, na nyuzi nyeupe zilikuwa zinachungulia. Alizigusa kwa ncha ya kidole. Nilingoja anipige. Nilitamani anipige. Badala yake akainua uso na kuniuliza, "Umekata mangapi?"

Nikaanza kuhesabu na nikashindwa. Mawili matatu kwa siku, toka mwezi wa Ramadhani. Nikaona magari yote niliyopishana nayo mwaka ule, teksi, pikapu za nyanya, magari ya maharusi yaliyofungwa maua. Nilikaa chini.

Siku ile ile tulikwenda Kariakoo na matairi yote mawili. Muuzaji alianza kwa ukali. Nikamwomba kisu, nikamwonyesha mkia, na nikamwambia mbele ya wateja wake, "Hizi nimekata mie, kwa mkono huu." Alivua miwani. Sikuwahi kuona mtu akifunga mlango wa duka haraka vile. Tukaondoka na ile jozi ya kijivu. Kutoka pale nilikwenda peke yangu yadini. Mzee Mponda alikuwa anakula wali na samaki kwenye kibakuli, akanisogezea upande wangu kama kawaida. Sikukaa. Nilimuuliza, "Mzee, mkokoteni unahitaji kashata za nini?" Aliacha kutafuna. Alinitazama muda mrefu, na usoni mwake hapakuwa na hila hata kidogo. Palikuwa na mshangao sawa na wangu. "Mwanangu," alisema, "mie nilingoja uniulize hilo toka wiki ya kwanza. Wewe unayeuliza kila kitu. Ulipokuwa huulizi, nikajua unajua."

Twaha aliondoka baada ya siku tatu, alfajiri, matairi ya kijivu miguuni mwa Ngamia, na majirani wakisema anakwenda kufa na vipara. Begi la sampuli lilikuwa tayari kwenye kiti cha nyuma. Akaniashiria kwa kichwa. "Panda twende." Nilikuwa nimevaa viatu. Nilikuwa nimekiota kiti kile tangu siku Ngamia alipoingia mtaani. Nikamwambia siwezi, bado nina kazi hapa. Hakuuliza kazi gani. Bi Mwajuma, aliyekuwa amesimama mlangoni na kifurushi cha kashata za njiani, alikifungua karatasi, akatoa kipande kimoja na kunipa. Nikakipokea kwa mkono wa kulia.

Mvua zote zile nilitembea. Mie ambaye kabla ya mwaka ule sikuwahi kukaa mahali pamoja miezi sita, nilibaki Dar na kuzunguka Temeke, Kinondoni, Tandale, hata ng'ambo ya Kigamboni, nikichutama nyuma ya magari yaliyoegeshwa na kupitisha kidole kwenye mifereji nikitafuta mkia. Wenye magari walinifukuza, wengine walinidhania mwizi, mara mbili nilipigwa. Niliyemkuta na mkia wangu nilimwambia. Wanane waliniamini. Mmoja alicheka akasema, "Yakipasuka ntakuita." Siku moja nilisikia pikapu imepinduka upande wa Mbagala, nikaenda kwa miguu toka Temeke. Nilipofika watu walikuwa wameshaondoka, na magurudumu yalikuwa yameshafunguliwa, yote manne. Sikujua. Sitajua.

Twaha alirudi salama, akaenda tena, akafanya kazi ile miaka mingi na kumleta mama yake Tabata kwenye nyumba yenye jiko la ndani, ambalo alilikataa. Haya yote aliyajua. Lakini pale msibani, tukiwa tumesimama kando ya gari la mtu, aliniuliza jambo ambalo hakuwahi kuniuliza. "Hivi, Shoto, kati ya yote uliyoyatafuta, ulipata hata moja kwenye mkokoteni?"

Nikamwambia nililipata moja. Ilikuwa Tandale, sokoni, mchana, mkokoteni umepakiwa viazi mpaka juu. Niliziona kashata zangu kwenye tope, mkia na yote, nikamsimamisha mwenyewe katikati ya njia, watu wakitutukana pande zote. Nilimuuliza, "Kaka, kashata hizi zinakusaidia nini?"

Aliangalia gurudumu, akaniangalia mimi, akajifuta jasho. "Hazinisaidii kitu," alisema. "Zinashika tope tu, mzigo unakuwa mzito. Nisukumie basi, kama huna kazi."

Nikasukuma.